Poseidon ya 1972 na ya 2006: meli ni ileile, kwa nini ya pili hainiumi?

MtotoWaKibosho (mleta uzi)

Wakuu, heri ya mwaka mpya. Nimeshuka Arusha juzi usiku na basi lililojaa ndizi, madumu na watoto wanaotapika, kwa hiyo uzi huu umechelewa siku kadhaa.

Mnaijua Desemba ya kwetu. Nyumba ya mzee kule Kibosho ilikuwa na watu ishirini na kitu, wengine wamelala sebuleni. Mkesha wa mwaka mpya, mbege imeshazunguka, nyama imekwisha, binamu yangu akachomeka flashi kwenye runinga akaweka Poseidon, ile ya 2006 ya Wolfgang Petersen. Asiyeijua: meli ya kifahari, abiria wanacheza dansi la mkesha wa mwaka mpya, wimbi moja linaipiga ubavuni, meli inapinduka kichwa chini miguu juu. Dari linakuwa sakafu. Watu wachache wanaamua kupanda kuelekea kitako cha meli, maana ndicho sasa kiko juu ya maji.

Hatukupanga, ila wimbi lilipiga wakati majirani wanaanza kulipua fataki. Watoto walipiga yowe mpaka bibi akaamka.

Baba mdogo tu ndiye alikaa kimya. Ilipoisha akasema, "Hii wameilowesha tu. Ile ya zamani ilikuwa na mchungaji." Akaenda kulala.

Basi nikaitafuta hiyo ya zamani, The Poseidon Adventure ya 1972. Mwongozaji Ronald Neame, mtayarishaji Irwin Allen, imetoka kwenye riwaya ya Paul Gallico ya 1969. Nimeitazama mara mbili. Ilitengenezwa kwa takribani dola milioni 5. Ya 2006 ilimeza kama milioni 160, ikaingiza kama milioni 181 dunia nzima, na ukitoa mgao wa majumba ya sinema hapo hakuna faida. Na Petersen si mgeni wa maji: ndiye aliyetengeneza Das Boot mwaka 1981, watu wamebanana ndani ya nyambizi mpaka wewe mtazamaji unatafuta hewa, kisha The Perfect Storm mwaka 2000. Sasa alikwama wapi?

Mimi naona hivi. (Nitamwaga mchele, asiyetaka kujua mwisho aishie hapa.)

Ya zamani, kabla ya kupanda kuna ubishi. Mchungaji Scott, anaigizwa na Gene Hackman, ni mtu mwenye hasira na kanisa lake, anahubiri kwamba Mungu amechoka na watu wa kupiga magoti tu, anataka wanaopambana. Meli ikishapinduka ofisa mmoja anawaambia watu tulieni humu ukumbini, msaada utakuja. Mchungaji anasema twende juu. Wanabishana mbele yetu, na ukweli ni kwamba wote wawili wanasikika wana akili. Kundi dogo linapanda mti wa Krismasi kama ngazi. Wengi wanabaki. Halafu maji yanavunja yanaingia, na wale wale waliokataa wanaukimbilia mti kwa pamoja, mti unaanguka nao. Scott anatazama kutoka juu. Nilisimamisha filamu nikatoka nje.

Ya 2006 nahodha anatangaza bakini, na mcheza kamari mmoja, Dylan (Josh Lucas), anaamua kuondoka kwa sababu zake. Hata hataki kufuatwa. Wanamfuata, basi, safari imeanza. Hakuna aliyelazimika kuchagua mbele ya macho yangu, kwa hiyo wanapokufa nahesabu tu.

La pili ndilo limenifanya nianzishe uzi. Meli ya 1972 ni kuukuu, iko kwenye safari yake ya mwisho kutoka New York kwenda Athens, ikitoka hapo ni chuma chakavu. Mwakilishi wa wamiliki yumo ndani, anamlazimisha nahodha akimbize meli, na hataki asimame kujaza ule uzito wa chini unaoituliza meli. Nahodha anakataa, anatishiwa kazi, anatii. Kwa hiyo kabla wimbi halijafika, mtu mwenye tai ameshaipindua meli nusu.

Ya 2006 wimbi linatokea tu. Halina mwenyewe. Nchi yetu hii, lini chombo kilipinduka kwa wimbi lisilo na mwenyewe?

Chuga_Kapteni

Nimeweka kambi hapa. Mwenye linki ya ya zamani aiweke basi.

KibandaUmiza_Ngarenaro

Mleta uzi umeandika vizuri ila unaongea kama msomi. Mimi ndiye naonyesha hizi kazi kila siku, nisikilize.

Ya 2006 nimeiweka kibandani sijui mara ngapi. Dakika 98. Hakuna mtu anayetoka hata kukojoa. Wateja wangu wamelipa waone meli inapinduka, na inapinduka mapema, hawajamaliza hata karanga. Ya zamani ni dakika 117 na nusu saa ya kwanza watu wanaamkiana. Niliiweka siku moja mwaka juzi, chalii mmoja akaniuliza, "Bosi, hii ni harusi?"

Halafu mnadharau ufundi. Ule mwanzo, kamera inazama na kuibuka, inaizunguka meli nzima huku jamaa anakimbia mazoezi kwenye sitaha, ile meli haipo! Yote kompyuta. Walitajwa kuwania Oscar ya madoido ya picha, wakashindwa na ile filamu ya maharamia wa Karibi. Na pale kwenye bomba la hewa, watu wamejipanga kama dagaa kwenye kopo, maji yanapanda kutoka miguuni, skrubu za mfuniko hazifunguki. Kibanda kizima kilikuwa kinavuta pumzi pamoja. Hiyo si "kulowesha tu".

Mzee wa Metropole

Vijana, hamjambo. Nimeonyeshwa uzi huu na mjukuu.

Mimi ya 1972 niliiona kwenye jumba la sinema hapa hapa Arusha, Metropole, nikiwa na kaka yangu. Siku hizo ulikwenda sinema umepiga pasi. Hatukuwa tunafuata Kiingereza chote, lakini kuna mama mmoja mnene, Belle Rosen, anaigizwa na Shelley Winters. Njia nzima anajiona mzigo, anaomba radhi kwa unene wake. Kumbe ujanani alikuwa bingwa wa kupiga mbizi. Mchungaji anakwama chini ya maji, mama anajitosa, anamnasua, anafika upande wa pili, moyo unasimama. Ukumbi wote wa Metropole ulinyamaza. Kaka yangu, ambaye hakulia hata kwenye msiba wa baba, alijifuta uso na kofia.

Mama Winters alitajwa kuwania Oscar kwa nafasi ile. Hakuipata. Wimbo wa filamu ndio uliipata.

Sasa mjukuu kanionyesha hiyo mpya. Vijana wazuri, meno meupe. Nikamwuliza, mama yule yuko wapi? Akasema, "Babu, hayumo." Nikamrudishia simu yake.

KibandaUmiza_Ngarenaro

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwa mama Rosen sina la kujibu.

Mzee wa Metropole

Marahaba mwanangu.

Mpagazi_Mstaafu

Mimi nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka 11, Machame na Marangu zaidi. Kuna kitu hamkukiona, au mmekiona mkaona cha kawaida.

Kwenye ya 2006 kuna mhudumu anaitwa Valentin. Ndiye anayejua korido za meli, wanamchukua awaongoze. Wanafika kwenye shimo la lifti, kitu kinaachia, Valentin ananing'inia kwenye mguu wa mzee tajiri, Nelson, msanifu majengo. Dylan anamwambia Nelson mpige teke. Anampiga teke. Valentin anaanguka. Baada ya hapo wanaendelea na safari, na Dylan ndiye shujaa wetu mpaka mwisho.

Na kumbuka Valentin alikuwa amemficha melini dada mmoja, Elena, asiye na tiketi, anakwenda New York kumwona kaka yake aliyelazwa hospitali. Elena naye anakufa. Wanaotoka hai ni sita: mcheza kamari, msanifu, mama na mtoto wake, binti wa meya wa zamani na mchumba wake.

Nikasema labda ni hii mpya tu. Nikaitafuta ya 1972. Kuna mhudumu anaitwa Acres, mguu umeumia, ndiye anayeijua njia. Anaanguka kwenye shimo. Wa kwanza kufa katika kundi lile! Filamu mbili, katikati miaka 34, wamebadilisha mchungaji, wamebadilisha wimbi, wamemtoa mama Rosen, lakini mwenye njia anakufa wa kwanza kote kote. Hilo hawakuona sababu ya kulibadilisha.

Mlimani mgeni akizidiwa tunamshusha sisi, usiku, kwa mgongo ikibidi. Sisemi zaidi.

MtotoWaKibosho

Kaka, nimetazama filamu hizi jumla mara tatu na sikuliona hilo. Asante.

Chuga_Kapteni

Daah.

Baharia Bila Bahari

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeletwa Arusha na kazi, na kila siku nasikia wenzangu mnasema "uzito wa chini". Unaitwa farumi. Zamani majahazi yalitia mawe au mchanga kwenye ngama, yaani tumbo la chini la chombo, kikienda bila shehena, meli za siku hizi zinajaza maji kwenye matangi. Chombo bila farumi ni kama mlevi amesimama kwenye pikipiki. Si lazima wimbi kubwa, upepo wa kawaida unatosha.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi. Ya zamani ina baharia aliyeongea na mwandishi. Ile mbishano ya nahodha na mwenye mali, kwetu pwani kila nahodha anaijua, ila kwetu mwenye mali anasema "ongeza magunia kumi tu."

Jambo moja tu la kuitetea mpya: jinsi meli inavyolala. Inakwenda mrama, inasita, halafu inalala moja kwa moja. Ule msito. Baba yangu alinisimulia msito ule, na nilipouona kwenye filamu nilijua walimwuliza mtu.

Mwl_Fizikia_Moshi

Nimesoma wote. Naomba niharibu sherehe kidogo, kwa sababu kisayansi ya 2006 ndiyo iko sahihi na ya 1972 imekosea.

Ya 1972 wimbi linatokana na tetemeko chini ya bahari, yaani tsunami. Tsunami kwenye maji ya kina haina ukuta. Inapita chini ya meli kwa kasi ya ndege huku imeinua maji kwa kiasi kidogo sana, na chai yako haimwagiki. Inakuwa ukuta ikifika maji mafupi. Ndiyo maana meli zikipata onyo hukimbilia kilindini.

Ya 2006 ni wimbi la ghafla, moja, refu kuliko wenzake wote, linalojengwa mawimbi mengine yakipandana. Mabaharia walilisimulia miaka mingi, wasomi wakawaona waongo. Mpaka tarehe 1 Januari 1995, kwenye jukwaa la gesi la Draupner, Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, kipimo cha leza kikaandika wimbi la mita 25.6. Siku ya mwaka mpya, mleta uzi, kama kwenu Kibosho.

Kwa hiyo wimbi lisilo na mwenyewe lipo.

MtotoWaKibosho

Mwalimu, nakubali wimbi lipo. Ila msanii anachagua. Petersen alikuwa na wimbi na mwenye mali, akamtoa mwenye mali.

Dada wa Ukerewe

Mimi ni mtu wa ziwani, nimeolewa Moshi. Nilikuwa nasoma kimya.

Mleta uzi ameuliza lini chombo chetu kilipinduka kwa wimbi lisilo na mwenyewe. Nijibu. Mei 21, 1996, MV Bukoba, asubuhi, Mwanza inaonekana kwa macho. Meli ya abiria 430. Waliokufa, hesabu inayotajwa mara nyingi inazidi 800. Ziwa halikuwa na tufani. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, imekaribia kabisa gati la Ukara, chombo cha watu 101, wakafa zaidi ya 220.

Mnaongea juu ya kupinduka kama kitu cha Hollywood. MV Bukoba ililala kitako juu, kama kwenye filamu, na watu wakiwa hai ndani. Waliokuwa juu ya kitako walisikia wanagongwa kutoka chini. Sasa mkumbuke mwisho wa ile ya 1972: walionusurika wanagonga chuma, waokoaji wanasikia, wanakata kwa moto, tundu linafunguka, mwanga unaingia, watu sita wanatoka. Pale Mwanza walitoboa pia. Hewa ikatoka kwa nguvu, na meli ikaenda chini.

Mimi siwezi kuutazama mwisho ule. Mume wangu anaona ni mwisho wa furaha. Kila mara naenda jikoni naanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Baharia Bila Bahari

Pole sana dada.

Mzee wa Metropole

Pole mwanangu. Siku ile nilikuwa Arusha, redio zote zilikuwa zinapiga nyimbo za maombolezo.

Mwl_Fizikia_Moshi

Dada, pole, na naomba nieleze kwa heshima, maana wanafunzi wangu huniuliza hili kila tunapofika somo la mgandamizo.

Chukua glasi, igeuze, izamishe kwenye ndoo ya maji. Maji hayaijazi. Hewa imenaswa juu, inayasukuma. Chombo kilichopinduka ni ile glasi, na mara nyingine hewa ile ndiyo peke yake inayokizuia kisizame. Ukitoboa kitako, hewa inapata njia na maji yanapanda nafasi yake. Ndiyo maana waokoaji hutakiwa kwanza kukishika chombo kwa maboya au kreni, au kupeleka wazamiaji waingie kutoka chini. Kwenye filamu walitoboa na meli ikabaki pale pale imetulia. Hilo filamu haikulieleza, na hakuna aliyeuliza kwa sababu mwigizaji Ernest Borgnine alikuwa analia.

Na hewa ile inaweza kumtunza mtu. MV Nyerere, fundi wa mitambo alitolewa hai siku ya pili, Septemba 22. Mei 2013 huko Naijeria, mpishi wa tagi (meli ndogo ya kuvuta nyingine), Harrison Okene, alikaa takribani saa 60 kwenye mfuko wa hewa, chombo kiko kama mita 30 chini. Mzamiaji alikuwa anakusanya maiti, mkono ukamshika.

Mpagazi_Mstaafu

Mpishi. Angalau mara moja mpishi katoka.

KibandaUmiza_Ngarenaro

Nimebaki na ile ya "bakini hapo, msaada utakuja". Nilidhani ni ujanja wa mwandishi. Halafu nikakumbuka ile feri ya Korea Kusini, Sewol, Aprili 2014. Wanafunzi walitangaziwa wakae vyumbani. Wakatii. Nahodha akaondoka. Wakafa watu 304.

Kwa hiyo yule ofisa wa 1972, ambaye mimi nilikuwa namwona mjinga wa kuchekesha wateja, anaongea sauti ya watu wengi sana.

MtotoWaKibosho

Ndiyo maana nilisema ubishi ule ndio filamu. Ukiuondoa unabaki na ngazi, maji na mayowe.

Ila nitoe deni langu pia. Kuna kipande kimoja cha 2006 ambacho kimenishika. Mzee Ramsey, Kurt Russell, aliyewahi kuwa mzimamoto na meya wa New York. Mtu mmoja lazima azame aende chumba cha mitambo azime pangaboi, naye anajua hatarudi. Mchumba wa binti yake anajiandaa kwenda. Mzee anajitosa kimya kimya kabla hawajamaliza kujadili. Anafika, kitufe cha kuzima kimeharibika, anageuza pangaboi zizunguke kinyume, hewa imemwishia. Hakuna hotuba. Baba mdogo, aliyekuwa kimya filamu nzima, hapo alikohoa.

Mzee wa Metropole

Basi hapo nitairudia, nilimrudishia mjukuu simu mapema.

Chuga_Kapteni

Wakuu linki jamani. Uzi mzima watu wazima mmekosa linki?

KibandaUmiza_Ngarenaro

Sikiliza. Jumamosi saa mbili usiku naweka ya 1972, Ngarenaro, nzima, bila DJ wa kutafsiri juu yake. Mechi haipo siku hiyo. Buku moja. Mzee wa Metropole bure na kiti chenye egemeo. Mwalimu aje na glasi yake na ndoo.

Dada wa Ukerewe, ukija, mwisho nitauzima sauti, na nitakutengea chai nje.

Dada wa Ukerewe

Niko Moshi, Jumamosi usiku sipati gari la kurudi. Lakini asante kaka, umenifikiria.

Mzee wa Metropole

Nitakuja. Nitapiga pasi.

Baharia Bila Bahari

Nami nakuja. Swali moja: kibanda chako nakijua, kina mlango mmoja na umeuwekea friji ya soda nyuma yake. Friji itasogezwa?

KibandaUmiza_Ngarenaro

Itasogezwa.

Baharia Bila Bahari

Basi niwekee nafasi karibu na mlango.